Mpaka Katikati ya Mtaa wa Barrachan

Hodi ya Senga Loughran ilijulikana na watu wote wa Mtaa wa Barrachan, kaskazini mwa Glasgow: mapigo mawili mazito. Kila uchaguzi, tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, mjane huyu mfupi alipanda ngazi za majengo akiwa na ua jekundu la utepe kifuani, alama ya chama cha Leba, akiwatoa watu ndani wakakipigie kura.

Jimbo lao lilikuwa Kelbrae. Baba yake Senga alikuwa akimwambia kwamba zamani liliishia kwenye mfereji wa maji, wakati viwanda vya magari-moshi vilipokuwa vimejaa watu. Viwanda vikafungwa, watu wakahamishiwa nyumba mpya nje ya mji, na kila walipopungua mpaka ulisogea. Ulihamia relini, ukahamia barabara ya kanisa. Majira haya ya baridi ya mwaka 1974 ulipita katikati ya Mtaa wa Barrachan wenyewe. Upande wa pili wa barabara ulibaki Kelbrae. Upande wa Senga ulitupwa jimbo la Ashfold, ng'ambo ya mfereji.

Senga hangejali, kama si ukuta.

Jengo la jirani lilikuwa limebomolewa, ukuta wa ubavuni wa jengo lao ukabaki uchi, karatasi za maua zilizobandikwa kutani katika vyumba vya majirani zikiloa mvua huko nje. Ufa ulianzia darini mwa jiko la Senga ukashuka hadi kwenye karo la kuoshea vyombo. Aliuziba kwa magazeti. Baada ya wiki, magazeti yalidondoka yenyewe. Ofisi ya majengo iliahidi kuleta mkaguzi, na hakuja mtu. Ndipo akaenda kwa mbunge aliyemtafutia kura miaka yote, ili awasukume.

"Upande gani wa mtaa, mama?" karani wa mbunge aliuliza.

"Wenye duka la mikate."

"Aa. Ninyi mmekwenda Ashfold."

"Hatujaenda popote, mwanangu. Kiti changu kiko palepale tangu nilipoolewa."

Karani alitabasamu kwa huzuni, akaita mtu mwingine.

Ofisini kwa mbunge wa Ashfold walimsikiliza wamesimama. "Hadi uchaguzi upite, ninyi bado ni wa Kelbrae."

"Na ukuta ukitangulia kupita?"

Wakamwonyesha mlango.

Ndani ya jengo zilibaki kaya nne. Kadi ya zamu ya kuosha ngazi, iliyokuwa ikizunguka milango yote kabla ya kurudi kwake, sasa ilining'inia kitasani mwake karibu kila mara. Usiku alisikia mchanga ukitiririka ndani ya ukuta, na alijifunza kulala akiwa amevaa soksi, tayari kutoka.

Siku ya uchaguzi upepo ulivuma tangu asubuhi. Alasiri Senga alirudi kunywa chai, miguu ikimuuma. Alikuta karo limeachana na ukuta. Kwenye ufa aliona mwanga wa nje. Alipotaka kufunga mlango wa jiko, mlango haukutoshea tena kwenye fremu yake.

Hakunywa chai tena. Alienda kugonga kwa Bi Bridie Toal, mama wa watoto watatu.

"Nimeshapiga, Senga! Niache!"

"Si kura! Toka na watoto, ukuta unaanguka!"

"Uchaguzi uliopita wewe ulisema kanisani wanagawa keki. Nikatoka na mvua ile. Keki iko wapi mpaka leo?"

"Bridie, nakuomba!"

"Nakujua wewe!"

Senga alilikwanyua lile ua kifuani, likatoka na uzi wa koti, akalisukuma ndani kupitia tundu la barua la mlangoni. Kisha ufunguo ukazunguka. Bi Toal alimtazama usoni mara moja tu, akaanza kuwaita watoto kwa sauti iliyowatoa hata akina Gemmell wa chini.

Akabaki mzee Wattie Dunnachie, ghorofa ya juu kabisa. Huyu alikuwa wa chama cha Wahafidhina, wapinzani wa Leba, na miaka yote hiyo hakuwahi kumfungulia Senga. Senga alipanda akagonga, vumbi jeupe likidondoka ngazini.

"Nenda zako, mwanamke! Nitamchagua paka kabla ya mtu wenu!"

"Mzee Wattie, ukuta unakwenda!"

"Nao umejiunga na Leba?"

Chini yao kitu kilipasuka. Senga alishika kizingiti. Angesema nini ambacho mzee huyu angekiamini kutoka kwake?

"Gari la wenzako liko chini," alisema. "Limekuja kukupeleka ukapige kura. Dereva ana mguu mbovu, kaniomba nikuite. Harakisha, wanakuacha."

Mlango ulifunguliwa. Mzee alikuwa tayari na koti jeusi na kofia, kama aliyesubiri tangu alfajiri. Alifunga kwa ufunguo, akajaribu kitasa. Akajaribu tena. Senga alimshika kwapani wakashuka, ngazi baada ya ngazi, huku kioo cha dirisha la ngazini kikivunjika bila kuguswa.

Walivuka hadi upande wa Kelbrae, walikosimama wenzao.

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari, mzee."

Mzee aliuchomoa mkono wake. "Umenidanganya. Narudi kwangu."

Alikuwa ameshashuka barabarani. Senga alimkamata mkono wa koti kwa mikono yote miwili. "Nitakupeleka mimi. Kwa miguu, hadi kituo cha kura ng'ambo ya mfereji."

"Nikampinge mtu wako?"

"Kampinge."

Mzee alimtazama, kisha akampa mkono. Wakaanza kutembea. Nyuma yao Bi Toal alikuwa akiwahesabu watoto wake kwa sauti, anamaliza, anaanza upya. Jiwe moja likaanguka barabarani. Likafuata la pili. Mzee alitaka kugeuka.

"Tembea," Senga alisema, na vumbi likawapita likatangulia mbele.