Fuvu Lenye Mwanya

Kazi hiyo aliileta jirani yetu, mwalimu aliyehamia Mikindani kutoka bara. Alikuwa na mteja wake Ulaya, akanionyesha picha kwenye simu: shanga za mafuvu, za popo, za maboga yenye macho. Zote ni za Halowini, sikukuu ambayo Wazungu hujifanya mizimu na kugongeana milango. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi maiti tunamzika upesi, wao wanamtundika sikioni!

Lakini mimi ni mtu wa mifupa. Naichukua buchani, naichemsha na majivu hadi iache kunuka, nakata kwa msumeno mdogo, nachonga, natoboa. Mama husugua kwa msasa na kutunga. Alipoliona fuvu la kwanza alikunja uso.

"Wee mtoto! Mwanamke gani atamvalia mumewe fuvu kiunoni?"

"Ni za masikioni, mama."

"Hata masikioni. Si litamnong'oneza?"

Tulicheka wote wawili, na nilifurahi, maana kicheko cha mama kilikuwa kimeadimika tangu kaka avuke mto Ruvuma. Alikwenda upande wa pili wa mpaka kutafuta kibarua. Akapiga simu mara moja, kisha simu ikawa haipatikani. Huko kukachafuka, watu wakakimbia vijiji vyao, wengine wakaja huku na mizigo kichwani. Yeye hakurudi. Hatukupata maiti, hatukupata habari, hatukuweka matanga. Kila mchana mama alipakua sahani ya tatu, akaifunika kwa kawa. Jioni tukawamwagia kuku. Niliichukia sahani ile, wallahi.

"Mama, unalisha kuku tu," nilimwambia waziwazi. "Kaka hayupo."

"Basi wanenepe," akanijibu.

Mteja alitaka meno ya kutisha. Mkono wangu ukakataa. Fuvu nalo lilikuwa uso wa mtu, nikajisemea, limeshakosa macho na pua, walau lipate urembo kidogo. Nikalitia mwanya katikati ya meno ya juu, kama anavyoumbwa mtu mzuri. La pili hivyohivyo, na la tatu, hadi kopo likajaa. Sikuwaza kitu kingine, naapa.

Mama alikuwa amekaa mkekani barazani, kopo mapajani, anasugua. Ghafla sikusikia tena msasa. Nilipogeuka alikuwa ameinua fuvu moja kwenye mwanga, kidole gumba kimegusa meno. Akachukua jingine, akaligusa vilevile. Hapo nami nikaona. Nyumbani kwetu mwenye mwanya alikuwa mmoja tu.

"Umemwona wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Sijamwona, mama. Nimeweka urembo tu."

"Mkono wako umemwona."

Aliyatazama mafuvu yote mle koponi, na yote yalikuwa yanamchekea. "Inna lillahi," akasema. Hakuwahi kulitamka neno hilo juu ya kaka. Akafunga fuvu moja kwenye pindo la kanga yake, mengine akayatunga. Hakulia. Nilitamani alie.

Kesho yake alipika ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki, akapakua sahani mbili, tukakaa mkekani ndani. Kawa lilikuwa limetundikwa ukutani.

"Kula," akaniambia. "Kinapoa."

Si ndicho nilichokuwa nakidai siku zote? Nikamega tonge, nikalirudisha sahanini. Mlango ulikuwa wazi. Niliogopa kuutazama, kwa sababu nilihisi kuna mtu amesimama pale nje, anaona haya kuingia kwa kuwa hajawekewa. Mama alikuwa amemzika kaka, na mimi niliyempigia kelele zote zile nikajikuta siwezi.

Nikainuka, nikachukua sahani ya tatu, nikamgawia ugali wangu. Nikalitungua kawa, nikafunika.

 Mama akasogea kidogo pale mkekani, akampisha.