Mgeni Rasmi Anatoka wa Mwisho

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko nyingi nilizoamka, mwanangu, ni ile niliyomkuta Mzee Gama amekaa ndani ya ndege kwenye kiti kisicho chake, amefunga mkanda, ametulia, na furaha imemjaa usoni. Umeniambia Jumamosi ni zamu yako kuwapanga warukaji kwenye ndege kubwa, na umepanda vilima vyote hivi vya Madale kuja kuniuliza habari za upepo na mawingu. Hayo tutayazungumza, chai bado ipo. Lakini nianze na hili la kiti, maana upepo una chombo cha kuupimia na hili halina.

Wakati ule nilikuwa binti wa Temeke, nafanya kazi Kurasini kwenye yadi ya makontena. Kazi yangu ilikuwa kupanga mizigo inavyopakiwa kwenye malori. Mzigo utakaoshushwa kwanza unaingia mwisho, na ukikosea dereva atakutukana kuanzia Kurasini hadi Chalinze. Jumamosi nilikuwa naruka kutoka ndegeni na mwavuli. Usinitazame hivyo, hata mimi nilikuwa mwembamba! Klabu yetu ilikuwa ndogo, na tulizoea kindege cha watu wachache, mnabanana magoti, mnapanda, mnaruka, mnarudi kula. Tulipofanikiwa kukodi ndege kubwa ya mizigo, ile yenye mlango wa nyuma unaoshuka, wenzangu wakasema, "Rehema apange. Huyu si kazi yake kupakia?" Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilifurahi sana. Nilikuwa mdogo kuliko wengi pale, na hakuna aliyewahi kunikabidhi jambo zito namna ile.

Nikajifunza haraka kwamba ndege kubwa si kindege kilichonenepa. Watu wanatoka wengi kwa mfululizo, na kila mmoja anaanguka kwa namna yake. Vikundi vikubwa vinatangulia, vidogo vinafuata, na anayetaka kufungua mwavuli wake mapema, angali juu, anatoka mwisho kabisa. Sababu yake hata mtoto anaielewa. Aliyefungua mwavuli ananing'inia na kushuka polepole, na anayetoka baada yake bado anaporomoka kama nazi. Ukimtanguliza wa kuning'inia umemweka njiani mwa wanaoporomoka, na huko juu hakuna honi.

Sasa, huyo wa kufungua mapema siku ile alikuwa Mzee Gama. Alikuwa Mngoni wa Songea, mwanajeshi mstaafu, mlezi wa klabu yetu, na siku hiyo tulimfanya mgeni rasmi. Mgongo ulikuwa unamsumbua, hivyo hakupenda mwavuli ufunguke kwa kishindo karibu na ardhi. Na alikuwa na sababu nyingine, aliyoitangaza kwa kila mtu bila haya: "Nataka mama Kosmas anione vizuri na kwa muda mrefu." Mkewe alikuwa Chanika, kwenye uwanja wa kutua, ameketi na majirani na sufuria la pilau, wanatazama juu.

Huyo Kosmas aliyetajwa ni mwanawe, na Kosmas alikuwa mchumba wangu. Jumapili ya wiki iliyofuata wazee wa kina Gama walikuwa waje Temeke kwa baba yangu kuleta posa. Kwa hiyo unaona, yule mzee hakuwa mgeni rasmi tu. Alikuwa mkwe ambaye bado hajawa mkwe, na huyo ndiye mtu wa kuogopwa kuliko wote.

Niliwapanga watu kwenye nyasi kando ya ndege, wamesimama kwa zamu zao kama watakavyokaa ndani, nikampa kila mmoja jirani yake wa kushoto na kulia. Mzee wakati huo alikuwa anapigwa picha na rubani, na hakuna aliyethubutu kumkatisha. Nikajisemea atapata nafasi yake wakati wa kupanda. Nafasi yake ilikuwa kule ndani kabisa, karibu na marubani, mbali na mlango wa nyuma. Lakini unatujua sisi na mgeni rasmi. Alipotokea tu, watu wakapisha. "Mzee, karibu hapa, mzee, hapa pana hewa!" Wakampa kiti cha mlangoni kabisa, cha mtu wa kwanza kutoka. Kila mmoja aliridhika kwamba heshima imezingatiwa, na mzee mwenyewe aliridhika kuliko wote.

Kwetu mzee haambiwi ainuke. Hata kwenye harusi akikaa kiti cha bibi harusi, utamtafutia bibi harusi kiti kingine. Nikamwendea Lukasi, mrukaji wetu wa siku nyingi, Mhehe wa Iringa. Mngoni na Mhehe ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo mwana hana. Anaweza kumpokonya mzee sahani mkononi na mzee akacheka. Msibani anasema yale ambayo ndugu wameyameza. Neno likiwa zito, tunampa mtani akalitue. Nikamwambia, "Kaka Lukasi, nisaidie, mwambie mzee ahame, atoke mwisho."

"Hilo dogo," akasema, akaenda huku amejishika kiuno. "We Mngoni! Nani kakuweka mlangoni? Mlango huu ukifunguka ukanusa panya wa kitoweo huko chini, si utaruka hata mwavuli hujavaa? Hebu hamia kule ndani, uwe wa mwisho kama ulivyo siku zote!"

Ndege nzima ikaangua kicheko. Mzee alicheka mpaka akatoa leso. "Mhehe wewe," akajibu, "naona umekuja bila mbwa wako leo. Umemla njiani?" Wakacheka tena, wengine wakipiga mapaja. Kisha mzee akajifuta macho, akakaza mkanda wake, akaendelea kukaa palepale.

Lukasi akarudi kwangu ametosheka. "Nimeshamwambia."

"Mbona hajainuka?"

"Rehema, mie nimemwambia, kasikia, kila mtu kasikia. Unataka nimbebe?"

Na hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Ukweli wangu ulikuwa umefika kwa mzee ukiwa umevaa mzaha, naye akaupokea kama mzaha. Kwa adabu zetu hakukosea hata kidogo, angefanyaje zaidi ya kucheka? Injini zilikuwa zimeshawaka. Mlango wa nyuma ukaanza kupanda taratibu, na mwanga ukawa unapungua ndani.

Nilijidanganya kidogo kwamba nitamhamisha tukiwa angani. Lakini nilijua haiwezekani. Angani kelele ni nyingi, watu wana mizigo mgongoni, na wakianza kupishana na kurundikana mkiani ndege yenyewe inayumba. Nikamfikiria Kosmas. Nikafikiria Jumapili, baba yangu amevaa koti lake moja zuri, anasubiri wageni ambao hawatakuja. Niliogopa, mwanangu, nakwambia wazi. Niliogopa aibu kwa nguvu zaidi kuliko nilivyowahi kuogopa kuruka.

Nikamwomba fundi wa ndege, aliyekuwa na vifaa vya kuongea na rubani masikioni, amwambie asubiri kwanza. Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri, akamwambia. Ndege ikabaki palepale inanguruma. Watu wote wakanigeukia. Nikaenda hadi mlangoni, nikapiga goti mbele ya Mzee Gama, nikamsogelea sikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Mbona hatuondoki?"

"Baba, hiki ni kiti cha mtu wa kwanza kutoka, na wewe unafungua mwavuli juu. Ukitoka wa kwanza, hawa wote wataporomoka kupitia pale ulipo. Mmoja akikugonga mtakufa wote wawili. Kiti chako ni kule ndani, utoke baada ya watu wote."

Kicheko kilichobaki usoni mwake kikaondoka. "Nani kapanga hivyo?"

"Mimi, baba."

"Na nikikataa kuhama?"

"Ndege haiondoki."

Mzee akafungua mkanda, akainuka, akatembea urefu wote wa ndege ile huku watu wakikunja magoti kumpisha. Nilikaa karibu naye njia nzima tukipanda, naye uso kaugeuzia upande wa marubani.

Mruko wenyewe ulikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Mlango ukashuka, Chanika ikaonekana chini na mashamba yake na nyumba mpya zisizoezekwa, na vikundi vikatoka kimoja baada ya kingine huku nikivipa nafasi. Tukabaki mimi na mzee. Akanionyesha kwa mkono nitangulie. Nikaruka, nikaporomoka, nikafungua wangu, kisha nikatazama juu. Mwavuli wake ulikuwa kule juu kabisa peke yake, unazunguka kwa raha zake, na hapakuwa na mtu yeyote juu yake. Nililia ndani ya miwani yangu, nikashindwa hata kuifuta.

Chini kulikuwa na vigelegele. Mama Kosmas alimkumbatia mumewe kabla hajajivua mikanda. Pilau likapakuliwa, hotuba ya mgeni rasmi ikatolewa, fupi. Lakini kwangu mzee hakusogea. Kosmas, aliyekuwa akisimamia bendera za upepo uwanjani, akaja amekunja uso.

"Umemfanya nini baba?"

"Nimemhamisha kiti."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, na ndege inanguruma."

Akajishika kichwa. Wiki ile sikulala vizuri, na kazini nilipakia vitu hovyo.

Jumapili wakaja. Nilikuwa chumbani na mama na mashangazi, nikichungulia. Kama ilivyo desturi, mshenga ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya kina Gama, na alikuwa fundi wa maneno kweli, ameanza kuizunguka habari ya ua lililoonekana kwenye bustani ya wenyewe. Mzee Gama akamshika mkono. "Mshenga, kaa kidogo. Naomba aitwe binti, nina neno naye, na nitalisema mwenyewe."

Mama yangu akashika ncha ya khanga yake. Nikatoka, nikapiga goti.

"Siku ile nilikasirika," akasema. "Usije ukadhani sikukasirika. Ila nataka ujue kwa nini. Ulijua kiti kile ni hatari tangu naingia?"

"Nilijua, baba."

"Ukamtuma Lukasi."

"Ndiyo."

"Aje anichekeshe. Nami nikacheka, mwanangu. Nimekaa mahali pa kifo changu, nacheka, na wewe umesimama unanitazama, unajua." Akatikisa kichwa. "Mtani mtumeni kwenye msiba wangu, aje awachekeshe mtakaobaki. Jambo la kunizuia nisife, uje wewe. Na uje mapema."

Nikasema, "Nimesikia, baba."

Akamgeukia baba yangu. "Ndugu yangu, tumekuja kwa ajili ya huyu huyu. Ndege nzima ilinipa kiti, yeye ndiye aliyekuja kuniondoa. Mshenga, haya, endelea na bustani yako."

Watu wakapumua, shangazi mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati, na hata mshenga alisahau alipokuwa ameishia. Nimeishi na Kosmas hadi leo, unamwona, ndiye anayekoroma hapo ndani. Na baba yake, mpaka Mungu alipomchukua kitandani kwake akiwa mzee sana, alikuwa akipata mgeni anamwambia, "Huyu mkwe wangu akikwambia hama, hama kwanza, uliza baadaye."

Basi, mwanangu, Jumamosi wapange watu kwa namna wanavyoanguka. Mvi zao na vyeo vyao viache kwenye hotuba. Muulize kila mmoja kwa mdomo wako anafungua wapi, hata yule unayemwogopa, na huyo ndiye umuulize wa kwanza. Wasimamishe kwenye nyasi kwa zamu zao kabla injini haijawaka, na kama mkubwa anapigwa picha, ngoja amalize, kisha upange upya naye akiwepo. Ukiona mtu amekaa pasipo pake usimtafute mtani, usimwachie rafiki yake, wala usiseme kwa kuzungukazunguka ukitumaini ataelewa. Nenda. Piga goti ukitaka, sema shikamoo, shusha sauti, lakini maneno yawe wazi, hatari uitaje kwa jina lake. Na ikibidi kuisimamisha ndege, isimamishe. Atakayekununia akiwa hai, utapata siku ya kumwomba radhi.

Haya, nipe kikombe nikuongeze chai, tuje kwenye upepo. Mungu akufanyie wepesi, mwanangu. Akupe anga safi, na akupe uso mkavu saa ya kumwinua mkubwa kitini. Wale utakaowapandisha asubuhi ndio hao hao, kamili, uwaone jioni.