Kifungu cha Tisa

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa profesa wetu wa sheria za kodi na kampuni. Nilimchapia vitabu vitatu, na sikumbuki siku aliyoacha kosa lipite. Hata tangazo la kantini alilisahihisha. Wanafunzi walimwita Mzee Nukta. Alijua, akajifanya hajui. Watu wa mabenki na wizara walimpigia magoti. Katika familia yao ni yeye tu aliyesoma. Mdogo wake, fundi seremala, aliacha shule mapema ili kaka amalize.

Siku moja mdogo mtu alikuja ofisini na mkataba. Tajiri mmoja wa samani alitaka washirikiane: yeye atoe jengo, fundi alete mashine zake na ujuzi.

"Kaka, niangalizie kabla sijatia sahihi."

Profesa akachomoa kalamu nyekundu. Kifungu cha tisa kilisema mshirika atakayeshindwa kufanya kazi "kwa muda mrefu" ataondoka bila chochote. Maneno hayo yalimkera. Muda mrefu ndio upi? Akayakata, akaandika juu yake: miezi sita mfululizo, kwa sababu yoyote ile. Hakumuuliza mdogo wake itakuwaje akiugua. Tajiri alipoona marekebisho aliyakubali yote, tena chapuchapu. Hapo nilipaswa kushtuka, lakini mimi nani nimfundishe profesa kazi?

Mwaka wa pili msumeno ulimkata fundi mkono wa kulia. Aliporudi kazini mwezi wa saba tangu aumie, alikuta karakana ina kufuli jipya na mashine zake zimo ndani.

Akaja tena kwetu, mkono bado kwenye bendeji.

"Kaka, hakuna hata upenyo?"

Profesa alisoma mara mbili.

"Ulikuwepo. Kwa yale maneno ya mwanzo ningempeleka tajiri mahakamani na ningemshinda. Niliuziba mimi, mdogo wangu. Kwa mkono wangu."

Fundi aliuchukua mkataba wake mezani.

"Basi kazi yako uliifanya vizuri, kaka," alisema, na naapa hakukuwa na kejeli ndani yake. Akaaga kwa mkono wa kushoto, akanishukuru hata mimi kwa chai.

Mlango ulipofungwa, profesa aliinamia meza akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Iliniuma sana, na nilimkasirikia pia. Saa nane wanafunzi walikuja kumwita darasani. Niliwaambia leo hafundishi.