Kipande cha Kopo la Soda

Bolti inayoshika bomba la moshi kwenye pikipiki yangu kuukuu ilikuwa inazunguka tu. Nyuzi za tundu lake zimelika. Fundi wetu pale mtaa wa Kikuyu alitaka kulichonga upya, kazi ya siku mbili. Nikamwambia asinichoshe. Nikakata kipande cha kopo la soda, nikaizungushia bolti, nikakaza kwa hasira mpaka ikashika.

Fundi alifuta mikono. “Usimpakie mtu. Bomba likichomoka kwenye mwendo, linajikita chini na kuwabwaga.”

Siku ya Jumapili mdogo wangu akaja kuiazima pikipiki ampeleke mama hadi Hombolo. Nikaona aibu kusema nilichofanya. Nikatoa ufunguo. Walipofika kwenye kona nikasikia injini ikianza kupumulia pembeni ya bomba, puf, puf, na mama bado ananipungia mkono.