Kipande Kiasi cha Ukucha

Nilipopewa kazi ya kukusanya vipande vya kondo la nyuma kwa ajili ya utafiti wa malaria kwa wajawazito, wauguzi wenzangu wa wodi ya wazazi waliniambia nitaumbuka. Hawakukosea. Wazazi wenyewe walisaini fomu bila shida. Waliogoma ni mama wakwe zao, waliokaa kwenye benchi la nje na ndoo zenye vifuniko, wakisubiri kondo wakalizike nyumbani. Lililokatwa hawalitaki; walisema mtoto hatatulia.

Miezi miwili nilirudi maabara mikono mitupu. Mimi si mtu wa kubembeleza, na nilianza kuwachukia wale bibi na ndoo zao.

Siku moja akaja bibi mmoja kutoka Magu. Mkwewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike na ameshasaini.

"Shikamoo bibi," nilimwambia, nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba. "Nachukua kiasi hiki tu. Linalobaki lote unaondoka nalo."

"Marahaba. Na hicho mkimaliza kukipima?"

Nilikuwa nimechoka. "Nitakurudishia."

"Basi kata, mwanangu. Nione."

Nikakata mbele yake. Kumbe walichotaka ni hicho: waone, na waahidiwe. Kuanzia hapo niliwaahidi wote, na friza ikajaa. Mkuu wa utafiti alinisifu kikaoni, nami nikavimba kichwa. Hakuna aliyeniuliza huwa nawaambia nini.

Baada ya wiki sita hivi bibi wa Magu alirudi peke yake, kanga iliyokunjwa mkononi. Mtoto alikuwa amefariki kwa homa.

"Tumemzika palepale lilipo kondo lake," alisema. "Kimebaki hicho cha kwako. Sitaki alale nusu."

Wiki iliyotangulia umeme ulikatika siku mbili, jenereta ikagoma, na vipande vyote vikaoza, vikapelekwa kuchomwa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimepimwa. Ningeweza kumwambia bado tunapima, na maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini alikuwa ameshaikunjua kanga.

"Kimechomwa, bibi. Na nilikudanganya. Hata kingekuwepo, nisingeruhusiwa kukitoa."

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu kimechomwa wapi. Nikampeleka nyuma ya jengo la kufulia, kwenye tanuri la taka. Alipiga magoti, akachota majivu kwa kiganja, majivu ya bandeji, ya glavu na ya wale wote niliowaahidi, akayafunga kwenye pindo la kanga.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umerudisha."

Nilitamani anizabe kibao.

Niliporudi wodini, bibi mwingine alikuwa benchini, ndoo wazi miguuni, kondo ndani likisubiri kukatwa. Tulishaongea asubuhi, na alikuwa ameshakubali. Aliniuliza tena, kwa kuhakikisha tu, kama kipande chake kitarudi.

Nilimwambia hapana, bibi, hakirudi.

Akafunika ndoo yake.