Patasi ya Mamdogo na Duara la Wachina

"Patasi yangu ikikatika nileteeni, nitaitafuna mbele yenu!"

Hayo Mamdogo aliyasema kwenye mkutano wa maseremala, kasimama juu ya benchi, kipaza sauti mkononi, ingawa watu walikuwa ishirini na ukumbi wenyewe mdogo kama jiko. Mama yangu mdogo ni mhunzi. Anafua patasi kutoka springi kuukuu za magari, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna seremala mtaani aliyenunua ya dukani bila kuona haya.

Miezi minne baadaye, mwenye karakana ya milango akaja na patasi vipande viwili, kaifunga kwenye gazeti kama analeta samaki. Nyuma yake wenzake sita, wamekuja kula uhondo.

"Mama Cheche," akamwita Mamdogo kwa jina lake la mtaani, "meno yapo?"

Mzaha ulikuwa mdomoni tu. Mamdogo asipojua kosa liko wapi, wote saba wanahamia patasi za kiwandani, na jina lake linakwenda na maji.

Mamdogo akageuzia kipande kwenye mwanga. Pale palipokatika, chembe zilikuwa kubwa kama sukari. Chuma kizuri kikikatika huwa laini kama unga.

"Springi ni zilezile," akasema. "Maji yaleyale. Mkono huuhuu."

Kupoza mambo nikamwonyesha kalenda ya duka la vifaa pale ukutani, iliyochorwa duara la Wachina. Stashahada yangu niliiacha nusu, lakini hili lilikuwa kwenye nusu niliyosoma.

"Mamdogo, Wagiriki wa kale walisema dunia ni vitu vinne: udongo, maji, hewa na moto. Wachina wanavyo vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Mti unalisha moto, moto unaacha majivu ambayo ni udongo, udongo unazaa chuma, chuma kinatoa umande, maji yanakuza mti. Wagiriki waliuliza kitu kimeundwa na nini. Wachina wakauliza kinageuka kuwa nini."

"Basi Wachina walikuwa na mhunzi ukooni," akasema Mamdogo. "Hao wengine dunia nzima hawana chuma! Kucha walikata na nini?" Maseremala wakacheka. "Haya, na hewa ya Wachina iko wapi?"

"Kwenye duara haimo."

Akalitazama duara, akalitazama jiko lake, akaanza kuhesabu vidole. Makaa ya mti uleule. Udongo wa tanuri uleule. Chuma, maji, sawa. Kidole cha mwisho, cha moto, kikabaki juu. Macho yake yakatua kwenye feni ya umeme ya kupulizia makaa, aliyoinunua mwezi uleule alioifua ile patasi, mvukuto wa ngozi, wa kupuliza kwa mkono, akausukumia uvunguni mwa meza.

"Hewa," akasema. "Feni haipumziki kama mkono, moto ukazidi. Nimekiunguza chuma mimi mwenyewe."

Angeweza kusingizia springi. Nani angejua? Badala yake akafuta kipande kwenye aproni, akakitia mdomoni, akakitafuna, kra, kra, huku kamkazia macho mwenye karakana. Hakuna aliyecheka. Mimi kifua kilinijaa utadhani meno ni yangu.

Kisha akautoa mvukuto, akaupangusa vumbi, akafua patasi nyingine palepale, akipuliza moto kwa kipimo chake mwenyewe. Akaizimisha majini, akairudishia joto kidogo, akainoa. Mwenye karakana akaipigilia kwenye kifundo cha mti mgumu mara arobaini, mpaka nyundo yake ikalegea mpini. Patasi haikupata hata pengo.

"Mama Cheche," akasema anahema, "nipe kumi."

"Zote nilizofua kwa feni leteni, nabadilisha bure," akajibu Mamdogo. "Ila mpya bei imepanda. Mvukuto unachosha."

Patasi moja sasa ni elfu kumi na nane.