Lugha Rahisi Iliyoniumbua

Jamani, nimeumbuka! Bosi wangu, Mama Nasra, ana mabasi hapa Sumbawanga. Tiketi zake hukatwa kwa seva tatu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni. Kuziagiza kuna lugha mpya ya kompyuta, rahisi mno; nilijigamba hata yeye angeisoma. Unaandika seva unazotaka ziwepo; usizoandika zinafutwa.

Juzi tukahitaji ya nne. Mimi mtoto wa dukani, nimezoea kuandika kilichopungua tu. Nikaandika hiyo moja. Kompyuta ikauliza, "Nifute tatu?" Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikabonyeza ndiyo bila kusoma!

Tiketi zikagoma. Abiria wa kwenda Wampembe wakafoka dirishani pa tiketi. Nikaapa kwamba mtandao ndio mbovu.

Mama Nasra akavaa miwani, akainamia skrini, akasoma kwa sauti: "Seva zinazotakiwa: moja."